Uzi Si Amari

Babu Tamimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemaliza habari yake kwa maneno mawili nikaenda zangu kuanika mpunga. Lakini mtu aliyetulisha miaka arobaini na zaidi, aliyetoka mtoni akapita Ikwiriri kwa miguu mpaka Kibiti kila baada ya mavuno, kikapu cha mchele kichwani, huyo utamtukana kwa ulimi gani? Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu ndiye mimi, na majuto haya nimeachiwa niyatunze ingawa kosa si langu.

Jina lake kamili ni Tamimu bin Salumu. Alikuwa kaka wa bibi yangu Mwanajuma, baba mmoja mama mmoja, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Kijiji chao kilikuwa ukingoni mwa Rufiji, ng'ambo ya kaskazini, chini kidogo ya Ndundu. Makumbi ya nazi yaliletwa kwa mitumbwi kutoka delta, yakafukiwa topeni miezi mingi mpaka yaoze, kisha yakapondwa kwa rungu na kuoshwa hadi zibaki nyuzi tupu za rangi ya kahawia. Kutokana na nyuzi hizo alisokota kila aina ya kamba: ya kufungia mbuzi, ya kufungia mtumbwi, na ile kubwa kuliko zote, nene kama mkono wa mwanamume, wanayoiita amari. Ukimwona anasokota ungedhani nyuzi zinamwogopa. Zilikwenda alikotaka ziende.

Sasa nieleze jambo moja, nawe ulishike, maana habari yote imesimama juu yake. Kamba ina upande. Ukiishika wima mbele ya macho yako utaona mistari yake inapanda, ama kuelekea kulia ama kuelekea kushoto. Karibu dunia nzima husokota kamba inayopanda kulia. Nyumba ya Salumu ilisokota kushoto. Babu yake Tamimu alikamatwa na mamba mkono wa kulia akiwa kijana, akabaki na vidole viwili, ikambidi ajifunze kusokota upya kwa mkono wa pili. Wanawe walikuwa na mikono mizima, lakini walimwiga baba yao kwa heshima, na wajukuu wakaiga kwa fahari. Ikawa alama yao. Mtumbwi wako ukiibwa, kisha ukaukuta chini mtoni umefungwa kwa kamba inayopanda kushoto uliyonunua kwa Tamimu, kesi imekwisha.

Na kulikuwa na adabu yake. Aliyenunua kwa Tamimu aliendelea kununua kwa Tamimu. Kuunga kamba ya nyumba hii na kamba ya nyumba nyingine kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kumimina mchuzi wa jirani kwenye chungu chako. Kwa hiyo katika vizazi vitatu hakuna aliyewahi kuona kinachotokea zikiungwa.

Babu yangu mzaa mama aliitwa Mfaume. Yeye sikumwona, wala mama yangu Zena hakumkumbuka. Alikuja kutoka delta, kijana aliyewahi kufanya kazi vyomboni, naye alijua kusokota, ila kamba zake zilipanda kulia kama za watu wengine. Akamwoa Mwanajuma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: hata baada ya kukaa pale miaka mitano, kulima pale na kuzika pale mtoto wake wa kwanza, waliendelea kumwita mtu wa visiwani.

Yeye na Tamimu walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana.

"Shemeji, kamba zako zinakwenda upande kama kaa," Mfaume alimwambia.

"Na zako zinafuata kundi kama kondoo," Tamimu akajibu, na watu wakacheka.

Bibi aliniambia kuwa utani ule ulikuwa mtamu mwanzoni, kisha ukaanza kuwa na mchanga ndani yake. Maana Mfaume alikuwa na tabia ya kuuliza. Kwa nini kamba ikiloa inafupika? Kwa nini ndoo ikining'inizwa kwa kamba mpya inazunguka yenyewe bila kuguswa? Tamimu alijua kusokota, lakini sababu zake hakuzijua, na fundi hapendi kuulizwa asichokijua mbele ya wateja.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji, bwana mmoja wa Kijerumani akaleta kamba ya chuma. Watu waliiita waya tu. Ilikuwa nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa saba saba, kisha mafungu sita ya nyuzi hizo yamesokotwa tena kuzunguka moyo wa katani. Tamimu na Mfaume waliikagua siku nzima, wakaipapasa, wakainusa. Ilipanda kulia. Ikafungwa kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ya pili, na pantoni la mbao likaning'inizwa kwake kwa ndoano mbili, watu wakawa wanalivuta kwa mikono huku mkondo ukilisukuma ubavuni. Lilibeba pamba, ile pamba ya lazima iliyolimwa kwa viboko. Tamimu alipewa kazi ya kuitunza kamba ile kwa sababu alikuwa fundi wa eneo lile, na Mfaume akawa msaidizi wake.

Vita vilipoanza, watu wa kwetu walikuwa wameshakwenda Ngarambe kuchukua dawa ya maji. Tamimu alikunywa, Mfaume alikunywa, bibi alikunywa akiwa na mimba ya mama yangu. Risasi zitageuka maji, waliambiwa. Sitaki kuwacheka, mtu aliyechapwa kwa ajili ya pamba ya mwenziwe huamini kitu chochote kitakachomwinua mgongo. Vijana wa ng'ambo ya kusini wakaukata waya kwa mashoka, kipande kirefu kikazama. Kisha risasi zikaja, na zilikuwa risasi.

Mwanzoni mwa mwaka elfu moja mia tisa na sita mto ukaanza kujaa. Mashamba yalikuwa yameteketezwa na askari, na watu walikuwa wanahama huku na huku wakitafuta chakula. Ofisa wa Kijerumani akaja na akida wake, akaamuru kivuko kirudi haraka kwa ajili ya kupitisha mpunga wa askari. Waya mpya hakuna, meli haijaja. Waya uliobaki ulipovutwa ukapungua hatua thelathini kufika ng'ambo.

"Unga na kamba ya huku," akida akamwambia Tamimu. "Weye si fundi?"

Tamimu alikuwa na amari mpya ndani, imara, kazi ya miezi minne. Mfaume pia alikuwa na yake, nene vilevile, ila ya kupanda kulia. Tamimu akaagiza amari yake itolewe. Ndipo Mfaume akaja pale ukingoni na nyuzi mbili za makumbi mkononi, watu wamejaa wanatazama.

"Shemeji, hebu shika ncha hii," akasema. "Huu uzi nimeusokota kulia, ndio waya. Na huu nimeusokota kushoto, ndio amari yako. Nimeziunga hapa katikati, na kwenye fundo nimepitisha kijiti cha ufagio ili tuone. Haya, vuta."

Tamimu akavuta. Kijiti kikaanza kuzunguka. Wakavuta zaidi, kikazunguka zaidi, na nyuzi zote mbili zikafunguka pande zote mbili za fundo mpaka ukaona mwanga kati yake.

"Kamba yoyote ukiivuta inataka kusokotoka," Mfaume akasema. "Ukifunga ncha zake zote mbili inakosa njia. Lakini fundo la katikati hakuna aliyelishika. Waya utaligeuza fundo upande huu ili ujifungue, na amari yako italigeuza upande uleule. Hazishindani, shemeji. Zinasaidiana kubomoana."

Kisha akatoa nyuzi nyingine mbili, zote za kulia, akaziunga vilevile, wakavuta. Kijiti kikatulia.

"Hapa mmoja anasukuma fundo huku, mwenziwe kule. Wanazuiana. Tutumie amari yangu. Siku meli ikija na waya, tutafungua, na yako utaifungia chombo kingine."

Hapo ndipo nitakapokasirika mpaka kufa kwangu. Maana babu Tamimu mwenyewe aliniambia, kwa kinywa chake, kuwa alielewa kabla Mfaume hajamaliza kusema. Alikiona kijiti. Alikihisi kwenye vidole, na vidole vyake havikuwahi kumdanganya. Lakini alitazama pembeni akaona wateja wake wote wamesimama, wanangoja kusikia kama kamba ya nyumba ya Salumu ina kasoro. Na anayesema ni mtu wa visiwani, tena shemeji yake, tena mdogo.

"Uzi si amari, Mfaume," akasema. "Na kijiti si pantoni. Mto haupimwi kwa ufagio."

Watu wakacheka sana. Kicheko kile kilimaliza hoja.

Ikaungwa amari ya kushoto. Mwisho wa waya ukakunjwa kuwa kitanzi, amari ikapitishwa na kufungwa, na pantoni likaanza kazi. Penye fundo ndoano zilihamishwa moja moja, kazi ya kuudhi lakini ikazoeleka. Mfaume hakugomba. Alichofanya ni kuchana kipande cha kaniki ya mkewe na kukifunga kwenye fundo, apate kuona linavyogeuka. Pantoni likiwa na mzigo katikati ya mkondo, kitambaa kilizunguka. Likifika ng'ambo na kamba kulegea, kikarudi. Ila hakikurudi chote. Kila safari kilibakiza kidogo, nusu mzunguko, robo mzunguko. Mfaume akawa anahesabu kwa sauti, na aliyemuuliza anahesabu nini alimjibu bila kuficha kuwa anahesabu siku za kamba ile kukatika. Mdomo wake ndio uliomponza. Angehesabu kimya huenda ningemwona babu yangu.

Siku ya Alhamisi baada ya alasiri alimfuata Tamimu barazani kwake.

"Fundo limegeuka mara kumi na moja, shemeji, na halirudi tena. Nenda ukatazame mwenyewe. Usinisikilize mie."

Tamimu akaenda peke yake na pantoni tupu, akasimama penye fundo. Waya ulikuwa umetoa tumbo: yale mafungu sita yameachana, na moyo wa katani unaonekana katikati. Kwenye amari yake mistari iliyokuwa imepanda kwa kujikaza ilikuwa imelala karibu kunyooka kabisa. Akapenyeza kidole kati ya nyuzi, kikaingia chote. Katika amari aliyoisokota mwenyewe, ambayo hata ncha ya kisu ilikuwa haiingii!

Basi alijua. Na alikusudia kubadili, hilo namwamini. Amari ya Mfaume ilikuwa tayari, watu wanne wangeweza kuifunga kwa nusu siku. Lakini akida alikuwa anaondoka Jumamosi, na ukingo ungekuwa mtupu. Tamimu akaona bora angoje siku moja. Angebadili kimyakimya, na akiulizwa angesema amari imeliwa na panya. Siku moja tu! Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nasi hata Idi yake hatukuiona.

Ijumaa asubuhi ofisa akaleta mpunga wa askari bila taarifa. Wakapanda watu kumi na mmoja na magunia. Tamimu alikuwa ukingoni. Aliniambia alifungua mdomo, akaona aibu ya kusema leo alichokikana siku ile mbele ya watu walewale, akaufunga. Pantoni likafika katikati ya mkondo. Amari haikukatika kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ilikatika uzi mmoja, kisha wa pili, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimeachana na kila mmoja ulikuwa unabeba mzigo peke yake. Pantoni likageuka ubavu, likalala, na maji yakalichukua. Saba waliogelea. Wanne wakafa, wote watu wa palepale kijijini.

Mchana uleule ofisa akaketi kwenye baraza ya akida na watu wakaitwa. Hakutaka maneno mengi. Nani alijua kuwa kamba itakatika? Wakasema, na hawakusema uongo, kuwa Mfaume alikuwa anasema kila siku itakatika. Na kile kitambaa? Alikifunga yeye. Cha nini? Hapo kila mtu akawa na rai yake, na rai iliyomfurahisha ofisa ni kuwa kilikuwa ishara kwa waasi wa ng'ambo. Mtu wa visiwani, mgeni, ana mdomo, ana kitambaa. Hawakuhitaji kutafuta zaidi.

Mfaume akaomba aonyeshe. Akatoa nyuzi zake, akamwomba akida ashike ncha, akapitisha kijiti, wakavuta. Kijiti kikazunguka mbele ya ofisa. Mfaume akaeleza yote tena, polepole, na safari hii hakucheka mtu. Ofisa akainama kutazama. Akasema neno kwa akida, na akida akamgeukia Tamimu.

"Bwana anauliza. Weye ndiye fundi. Haya asemayo huyu yana ukweli, ama ni michezo ya watoto?"

Kijiti kilikuwa bado kinazunguka. Ofisa alikuwa ametaka kujua; labda kwa mara ya kwanza katika vita vile vyote mtu wa bomani alikuwa amemwuliza mtu mweusi swali akangoja jibu. Tamimu angesema ndiyo, swali la pili lingekuwa: basi nani aliyeunga? Naye alikuwa na shingo moja kama watu wengine.

"Uzi si amari, bwana," akasema.

Mfaume akaiachia ncha yake. Uzi ukajikunja ukaanguka sakafuni. Hakumtazama shemeji yake, aliniambia babu. "Angenitazama ningesema. Walahi ningesema, mjukuu wangu. Alitazama mikono yake tu." Sijui kama ni kweli. Mtu akishakosa hujipatia ushujaa mwingi wa baadaye.

Mfaume akapelekwa bomani na mnyororo shingoni, na siku ya nne akanyongwa. Bibi hakupewa maiti. Mama yangu alikuwa na miezi minne.

Usiniambie kuwa Wajerumani walinyonga wengi na kwamba wangemnyonga tu. Nimeshaambiwa hivyo na watu wenye elimu kuliko mimi. Huenda. Lakini uchungu ni kuwa hatutajua, kwa sababu mlango ulifunguliwa kidogo na aliyekuwa na neno la kuusukuma akaurudisha.

Kijijini bibi hakukalika. Kwa nyumba za wale wanne yeye alikuwa mke wa mkata kamba, na mtoto wake binti wa mkata kamba. Kisimani walimpisha, si kwa heshima. Akambeba Zena mgongoni akaja Kibiti kwa ndugu wa mama yake, na jina likamfuata hata huku. Mama yangu alikataliwa na wachumba watatu kabla baba yangu, mtu wa mbali asiyejua lolote, hajaja kuposa. Kisha njaa ile iliyofuata vita ikapita nyumba kwa nyumba. Kijiji cha mtoni kikabaki nusu, kisha robo. Waliopona wakatawanyika.

Babu Tamimu alipona. Alimwambia bibi tangu siku ile kuwa bwana yule hakutaka kusikia la mtu, hakumwuliza mtu. Bibi akaamini, maana hakuwepo barazani, na waliokuwepo hawakuwa wakisema naye. Onyo la Mfaume alilijua, maana zile nyuzi Mfaume alizijaribu kwanza barazani kwao, na bibi ndiye aliyeshika ncha. Alijua kaka yake alikuwa mkaidi, alijua kamba ilikatika kwa ukaidi wake. Hilo alilisamehe katika njaa, alipoona kaka yake anatembea siku mbili kumletea kibaba cha mchele na yeye mwenyewe mbavu zinahesabika.

Amari hakusokota tena. Mimi nilipopata akili nilimkuta mzee wa nyuzi na mawe. Alikuja kwetu, akala, kisha akaning'iniza uzi kwenye boriti, jiwe chini, kijiti katikati, akakaa kuhesabu mizunguko. Jiwe likiwa zito mara mbili, mizunguko nayo inakaribia mara mbili. Uzi uliosokotwa kwa kubanwa sana unazunguka kuliko uliosokotwa kwa kulegezwa. Uzi mnene na uzi mwembamba, ukisokotwa kwa mwinamo uleule, zote hufuata kanuni moja. "Unaona?" alikuwa akiniambia. "Mdogo unasema ukweli wa mkubwa." Mimi nilidhani ni mchezo wa uzeeni. Mara moja alitengeneza kamba ambayo ndani ilisokotwa kushoto na nje ikafunikwa na nyuzi za kulia. Akaining'inizia jiwe zito. Haikuzunguka hata kidogo. Ya ndani na ya nje zilizuiana. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alilia mbele yetu wote, na bibi akadhani macho yanamuuma.

Alikuja mara ya mwisho mwaka elfu moja mia tisa na hamsini, baada ya mavuno. Mimi nilikuwa nimeolewa, nina mtoto. Alikula wali kidogo, akanawa, akamwita bibi akae.

"Mwanajuma mdogo wangu. Mie niliulizwa."

"Uliulizwa nini, kaka?"

"Siku ile barazani. Mfaume alionyesha nyuzi, na bwana akauliza kama ni kweli. Aliniuliza mie. Nikasema si kweli."

Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kuuchambua muda mrefu, na mimi nikaona anatupa chuya na mchele mzima pamoja. Mwishowe akauweka ungo chini.

"Zena alikataliwa na wachumba watatu," akasema. "Na weye ulikuwepo, kaka. Mara zote tatu ulikuwepo barazani, ukanywa kahawa nao."

"Nilikuwepo."

"Mie sikusamehe wala sikulaani. Nenda ukaseme. Si kwangu, mie kila siku nilijua mume wangu hakukata kamba. Kaseme mbele ya watu walioamini kakata. Kesho Ijumaa."

Usiku ule babu alikaa nami akanisimulia yote, tangu kijiti mpaka baraza. Ijumaa akaoga, akavaa kanzu yake, akaenda msikitini. Bibi, ambaye hakuwa na desturi ya kwenda, akanishika mkono tukasimama nje ya ukuta upande wa kisima, tunasikia kila neno. Swala ilipokwisha babu akamwomba imamu ruhusa, akasimama.

 Akasema: "Waislamu, nina jambo la mtu. Mfaume aliyenyongwa kwa ajili ya kivuko hakuwa na hatia. Hakukata kamba, wala hakutoa ishara kwa mtu. Alituonya. Aliyeunga kamba vibaya ni mimi. Aliyeulizwa na bwana ni mimi. Aliyesema uongo ni mimi, Tamimu bin Salumu."

Bibi alikuwa amefumba macho. Nilihisi kucha zake mkononi mwangu. Alikuwa akingoja, nami nikangoja naye, mtu yeyote aseme chochote: astaghafiru, au laana, au hata kilio kutoka kwa mmoja wa nyumba za wale wanne.  Mle mlikuwa na wenye maduka, vijana wa barabarani, wakulima waliohamia Kibiti baada ya ile njaa na baada ya vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Kisha mtu mmoja akajikohoza. Kwa sauti alikuwa kijana, tena mwenye adabu, aliyetaka kumsaidia mzee.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Mfaume yupi?"

 Tukamsikia babu anaanza upya, kuwa alikuwa shemeji yake, mtu wa delta, mume wa Mwanajuma, alisokota kamba za kupanda kulia. Mlangoni watu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao.